Fundi Aliyeitikia Kila Neno

Mwanamke mmoja alikuwa na unga mikononi hadi viwikoni wakati jirani yake alipoingia uani bila kupiga hodi na kumwambia kwamba mama mkwe wake amejengewa ndani.

Mwanamke huyo aliitwa Mwajabu, na alikuwa akikanda unga wa chapati za jioni. Hakuacha kukanda. Mwenye nyumba iliyojaa watu huzoea kupokea habari huku mikono ikiendelea.

“Amejengewa nini?” aliuliza.

“Amejengewa ndani, Mama Sauda. Mlango hakuna. Nimechungulia pale dirishani, yuko kitandani ananipungia mkono.”

“Na fundi yuko wapi?”

“Naye yuko ndani.”

“Sasa kawajengea nani?”

Jirani, Bi Mwanjaa, alifikiri kidogo. “Fundi,” akasema.

Hapo Mwajabu akatoa mikono kwenye beseni.

Ili mwelewe jinsi jambo hilo lilivyowezekana, lazima kwanza mmjue huyo fundi. Ninyi mnaokula kwangu mchana, mnaokaa mbele ya kompyuta na kukiamuru chombo kiwajengee programu, mnamjua tayari ingawa hamjawahi kumwona. Mnakiandikia chombo chenu maneno kwenye mstari mmoja: fanya hivi, usifanye vile, ruka lile. Kisha kinawajengea kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekiomba, na mnakuja kulalamika mezani kwangu huku wali unapoa. Basi leo kuleni, mimi niseme.

Fundi Semboja hakuwa fundi mbaya. Ukuta wake ulinyooka, na saruji yake haikuwa ya kubanduka kwa ukucha. Lakini alikuwa na desturi zake. Kila alichoambiwa alijibu “sawa”. Watu wawili wakimwambia juu ya jambo moja, alishika neno la aliyesema mwisho, na yule wa kwanza hakupewa taarifa kwamba lake limeachwa. Na jambo ambalo hakuna aliyelitaja, alilifanya kama alivyozoea kulifanya kwenye nyumba za watu wengine.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani alikuwa akiuliza. Aliuliza mlango ufunguke kuelekea wapi, aliuliza kama mwenye nyumba ana uhakika, aliuliza tena kesho yake. Siku moja mfanyabiashara mmoja wa machungwa, ambaye alikuwa akimjengea ghala, alimwambia, “Fundi, maswali yako yananichosha. Nikitaka kuhojiwa nitakwenda polisi.” Fundi Semboja akafunga mdomo. Tangu hapo watu walimsifu mji mzima kwamba ni fundi asiye na usumbufu, akapata kazi nyingi, na hakuna aliyejiuliza usumbufu wake ulikwenda wapi.

Sasa Mwajabu alikuwa na mume, Mhando, na Mhando alikuwa na mama, Bibi Mwantumu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumchoka na masikio yalikuwa yamemchoka kabla ya miguu. Walimpa chumba cha mwisho cha nyumba. Upande mmoja wa chumba hicho ulitazama uani, na huko ndiko mlango ulikokuwa. Upande wa pili ulitazama barabara. Ubavuni palikuwa na dirisha. Wakamwita Fundi Semboja akitengeneze chumba kimfae mzee.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mhando alimwambia fundi, “Ziba mlango wa uani. Toboa mlango mpya upande wa barabarani.”

“Sawa,” akasema fundi.

Mhando alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa nzuri. Wageni wa Bibi Mwantumu walikuwa wengi, na wote walipita uani, katikati ya masufuria ya mkewe. Alitaka wawe na njia yao.

Lakini Mhando alikuwa pia na dada mkubwa, Hidaya, aliyekuja kukaa pale kumwangalia mama. Hidaya na Mhando walikuwa hawasemezani. Chanzo ni harusi ya binti wa Hidaya, ambapo Mhando, mjomba wa bibi harusi, aliketishwa meza ya madereva. Mhando hakusahau, na Hidaya hakuomba radhi, kwa sababu kwa maelezo yake madereva ndio waliowahi kupakuliwa. Tangu hapo waliishi nyumba moja kwa kupitia watu wengine. Mhando akitaka chumvi alisema, “Mwambieni dada yenu anisogezee chumvi,” na Hidaya aliisogeza kabla hajaambiwa, lakini aliisogeza akitazama pembeni.

Hidaya alirudi kutoka sokoni akapitia barabarani, akamkuta fundi anachora mlango kwa chaki kwenye ukuta wa nje. Akatua kapu lake.

“Fundi, hapa usitoboe kitu. Hata tundu la sindano sitaki kuliona. Ukuta huu ubaki mzima.”

“Sawa,” akasema fundi, akafuta chaki kwa kiganja.

Naye Hidaya alikuwa na sababu nzuri. Pikipiki zilipita pale kama zimeahidiwa zawadi, na mama yake hasikii honi. Siku ambayo angetoka mlangoni kwenda kumwita muuza mchicha ingekuwa siku yake ya mwisho. Hidaya alijua kwamba uani kuna mlango, ulikuwako tangu nyumba ilipojengwa. Hakuona haja ya kuutaja. Akaingia ndani, akajinyoosha.

Fundi akarudi chumbani kumalizia kazi iliyobaki, yaani kuziba mlango wa uani. Alikuwa ameanza kupanga tofali akiwa amesimama nje, Bibi Mwantumu akampigia kelele kutoka kitandani.

“Wewe fundi! Ingia ujengee ndani, nikuone. Mafundi mkijengea nje mnaficha mambo.”

“Sawa,” akasema fundi. Akaingiza ndoo, akaingiza tofali, akaingiza saruji, akajiingiza na yeye.

Huyo bibi naye hakukosea. Amewaona mafundi wengi.

Basi yapimeni maneno hayo moja moja, kama mnavyopima maharage kabla ya kuyaloweka. Ziba mlango wa uani: neno jema. Ukuta wa barabarani ubaki mzima: neno jema. Jengea ndani: neno jema. Hakuna aliyesema, “Tunataka chumba kisicho na mlango, na fundi abaki humo pamoja na mzee.” Ila hicho ndicho walichoagiza, na hicho ndicho walichojengewa, kwa ukuta ulionyooka sana.

Na dirisha? Dirisha hakuna aliyelitaja, kwa hiyo fundi alikuwa amelifanya kama alivyozoea. Mazoea yake ya madirisha yalitoka kwenye ghala la machungwa. Aliweka nondo nene, zilizosimama karibu karibu, asiweze kupita hata paka aliyefunga.

Tofali la mwisho lilipokaa, fundi aligeukia upande wa barabarani. Akakumbuka kwamba ule hauguswi. Akaosha mwiko wake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasubiri kuambiwa kwamba anaweza kwenda nyumbani. Bibi Mwantumu alidhani fundi anapumzika kabla ya kutoboa mlango mpya. Akampa pole ya kazi.

Hivyo ndivyo Bi Mwanjaa alivyowakuta alipopita kwenda kuazima chekecheke.

Mwajabu alimwachia jirani unga, akamwambia aufunike usikauke, akaenda dirishani. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kusogea hapo, ameshika nondo kwa mikono miwili.

“Mwajabu, mwanangu, njoo uone. Ukuta umenyooka kama kitabu.”

“Nauona, mama.”

“Kazi nzuri kabisa. Tatizo ni moja.” Akamwashiria asogee karibu, kisha kwa kuwa hasikii vizuri akasema kwa sauti iliyofika barabarani, “Nimekunywa chai.”

Mwajabu akaelewa. Choo kilikuwa upande wa pili wa ua.

“Umekunywa nyingi, mama?”

“Hidaya kaniletea birika zima. Kasema inafaa kwa magoti.”

Bi Mwanjaa, ambaye hakubaki na unga kama alivyoombwa, alinyoosha shingo. “Lakini si kuna ndoo humo ndani?”

“Ndoo ipo,” akasema Bibi Mwantumu. “Na fundi yupo.”

Fundi Semboja akatazama sakafu. Mambo yalikuwa wazi. Mwanamke huyu alikuwa amefika umri wake wote bila kuaibika mbele ya mwanamume asiye wake, na heshima hiyo sasa ilikuwa imebakiwa na muda mfupi, kiasi cha mtu kuvumilia. Juu ya hayo, saruji ilikuwa inakauka. Mwajabu alizunguka uani, akabonyeza saruji kwa kidole. Ilikuwa bado mbichi. Lakini alimjua fundi, na saruji ya Fundi Semboja haikuwa ya kungojwa.

Hapo Mhando akarudi kutoka kazini, na Hidaya akaamshwa na kelele. Mmoja akafika dirishani kwa upande wa kulia, mwingine kwa upande wa kushoto, mke akiwa katikati.

“Fundi!” akasema Mhando. “Mlango wa barabarani uko wapi? Toboa sasa hivi!”

“Sawa,” akasema fundi. Akachukua nyundo, akaenda ukuta wa barabarani.

“Wewe fundi!” akasema Hidaya. “Nilikuambia huko usiguse. Bomoa huku uani!”

“Sawa.” Akageuka, akaenda ukuta wa uani.

“Barabarani!”

“Sawa.”

“Uani!”

“Sawa.”

Chumba hakikuwa kikubwa. Fundi alikwenda na kurudi, nyundo begani, kama mlinzi wa lango, na kila alipouinua mkono neno jipya lilikuwa limemfikia. Jasho lilimtoka. Hakuna tofali lililoguswa. Bibi Mwantumu aliketi kitandani, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine, akaanza kumfuata fundi kwa macho, kulia, kushoto, kulia, mpaka akasema inamzidishia hali.

“Mwambieni dada yenu,” akafoka Mhando, akimtazama Bi Mwanjaa, ambaye hakuwa na undugu na yeyote pale, “mwambieni mimi ndiye niliyemwita fundi!”

“Mwambieni kaka yenu,” akajibu Hidaya, akimtazama Bi Mwanjaa vilevile, “kumwita fundi si sawa na kuwa na akili!”

“Jamani, mimi nilifuata chekecheke,” akasema Bi Mwanjaa.

Mwajabu akaenda kuchukua kijiti cha kusukumia chapati, akarudi nacho. Akakigonga kwenye nondo za dirisha mpaka kila mtu akanyamaza, hata pikipiki moja huko barabarani ikapunguza mwendo.

“Fundi Semboja. Simama hapo hapo. Umeambiwa ubomoe huku, na umeambiwa ubomoe kule tu, huku pasiguswe. Utafanya lipi?”

“Sawa, mama.”

“Sikukuuliza kama ni sawa. Nimekuuliza, utafanya lipi?”

Ilionekana usoni mwa fundi kwamba kuna kitu anakitafuta, kitu alichokiweka mahali zamani na kimefunikwa na vitu vingine. Alitazama ukuta mmoja, akatazama wa pili. Akamtazama bibi kitandani, ambaye alikuwa amefumba macho na kuanza kuvuta pumzi kwa pua. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu pale mjini aliyemwona akilifanya tangu ghala la machungwa. Akaweka nyundo chini.

“Siwezi,” akasema. “Hayo mawili hayakai pamoja. Chagueni moja.”

Mhando alitaka kumkaripia, akakuta hana cha kukaripia. Hidaya naye vilevile. Fundi alikuwa ameketi tena juu ya ndoo, mikono magotini, wala hakuonekana kama mtu atakayeinuka kwa kupigiwa kelele. Kwa mara ya kwanza kazi ilikuwa imesimama mahali ambapo ilipaswa kusimama asubuhi.

Bi Mwanjaa aliona macho ya wote wawili yakimjia, akarudi nyuma ya mpapai. Hapakuwa na mtu mwingine wa kupitishia neno. Mhando akageuka, polepole, kama mtu aliyekakamaa shingo.

“Dada,” akasema.

“Ndiyo,” akasema Hidaya.

“Kwa nini hutaki mlango wa barabarani?”

“Pikipiki. Mama hasikii.”

Pikipiki Mhando hakuwa amezifikiria.

“Na wewe,” akasema Hidaya, “kwa nini ulitaka kuziba huku?”

“Wageni wa mama wanamchosha mke wangu.”

“Nani kakuambia wananichosha?” akauliza Mwajabu.

Mhando akamtazama mkewe. “Si unalalamika kila siku?”

“Nalalamika, ndiyo. Wageni wale wale ndio wananichambulia mchicha. Ukiwapitisha barabarani, mchicha nitauchambua na nani, na wewe?”

Kutoka ndani ya chumba sauti ikasema, “Nyie mnaozungumza vizuri hivyo, ningependa mmalize.”

Basi Mhando akasema, “Uani,” na Hidaya akasema, “Uani,” na Fundi Semboja akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akahakikisha, ndipo akainuka. Tofali zilitoka nzima nzima, saruji ikiwa bado laini. Uwazi ulipofika urefu wa mtu aliyeinama, Bibi Mwantumu alipita katikati ya wanawe bila kumsalimu yeyote, miguu ile iliyokuwa imemchoka ikiwa imesahau kuchoka, akaukata ua moja kwa moja.

Hakuna aliyecheka mpaka aliporudi. Aliporudi, alianza mwenyewe.

Mwajabu alikwenda kumaliza chapati zake. Unga ulikuwa umeanza kukauka juu, kama alivyojua utakauka, akaupaka mafuta akausukuma hivyo hivyo. Hidaya alikaa jikoni akazigeuza. Walipokuwa wakipakua maharage, Mwajabu akakumbuka jambo, akamsogelea mama mkwe wake sikioni.

“Mama, na wewe ulitaka mlango uwe wapi?”

“Mlango?” akasema Bibi Mwantumu. “Mlango niliokuwa nao ulinitosha. Mimi nilitaka rafu ya kuweka redio. Nimengoja siku nzima kuulizwa.”

Mhando akatazama sahani yake. Chumba hicho kilikuwa cha mama yake, na katika maneno yote yaliyosemwa kwa ajili ya chumba hicho, la kwake alilotaka halikuwamo.

Wakatandika jamvi uani. Fundi Semboja alikuwa amefunga vifaa vyake na kuanza kuaga, Mwajabu akamwambia aketi, mtu aliyekaa ndani ya nyumba namna ile hawezi kuondoka kama mgeni. Akaketi. Chapati zikazunguka. Bi Mwanjaa, ambaye alikwisha kupewa chekecheke yake, hakuonyesha dalili ya kuihitaji tena, naye akamegewa.

“Fundi,” akasema Mhando akiwa amejaza mdomo, “kesho uje asubuhi mapema, uweke hiyo rafu.”

“Kesho apumzike bwana,” akasema Hidaya. “Fundi, njoo keshokutwa.”

Fundi Semboja akarudisha kipande cha chapati kwenye sahani. Hakusema sawa. Akawatazama tu, kwa adabu, akingoja. Ndugu wale wawili wakatazamana, wakaanza kubishana wao kwa wao juu ya kesho na keshokutwa, kwa sauti kubwa, bila kumpitia mtu, na kabla ya kumaliza Mhando akanyoosha mkono na Hidaya akampa chumvi akimtazama machoni.

Ninyi mlioyazima maonyo ya chombo chenu kwa sababu yanawasumbua, mmeniuliza kwa nini kinawatii na bado kinawaharibia kazi. Mimi mambo ya kompyuta siyajui. Najua tu kwamba jioni ile Mwajabu alisimama na mwiko wa maharage mkononi, akahesabu vichwa kuzunguka jamvi kama anavyohesabu kila siku kabla ya yeye kula: mume yupo, wifi yupo, watoto wapo, jirani yupo, mama mkwe yupo na amekaa upande wa nje wa ukuta, fundi yupo. Hakukosekana mtu. Ndipo na yeye akaketi. Na fundi huyo aliyesema “sawa” kutwa nzima, kisha jioni akasema “siwezi”, niambieni: ni wakati gani alipowatii?